Namba Saba Chini ya Rangi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na sumaku?"

Sikuja na sumaku. Mzee akacheka, akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa ya kwake, kipande kizito kilichong'olewa kwenye spika mbovu, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba. Kisha akanitangulia bandani.

Chini ya mabati palikuwa na Land Rover fupi, pua imeelekea ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu. Halikuwa na turubai, halikuwa na milango, na tairi mbili zilikuwa zimelala kabisa. Ilibidi nijipenyeze kati ya ukuta na bampa ili niuone uso wake. Taa za mbele zilikuwa zimejificha nyuma ya wavu wa grili, nami moyo ukaanza kwenda mbio, kwa sababu kuanzia magari ya 1950 taa zilitokeza nje ya wavu. Nilikuwa mbele ya gari la miaka ya mwanzo kabisa, isipokuwa kama kuna mtu alibadilisha pua nzima, jambo ambalo kwa magari haya ni rahisi kama kubadilisha shati.

"Hili halikuwa la kuuzwa," mzee akasema. "Hili ni katika yale ya majaribio. La saba. Namba yake hiyo hapo."

Akanionyesha ubavuni mwa bodi ya nyuma, pale rangi ya kijivu ilipobanduka. Mstari mweupe wa kulala, kisha mguu unaoshuka kwa mshazari na kupotelea chini ya kijivu. Saba, kweli. Aliyemuuzia alimwambia hivyo, na aliyemuuzia huyo naye aliambiwa hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba la saba mimi nilijua liliko.

Sikumwambia mara moja. Mimi si fundi. Miaka yote nimefanya kazi ya masijala, kupanga mafaili na kutafuta karatasi ambazo watu wameapa kwamba hazipo. Magari ya kale ni ugonjwa wangu wa jioni. Masijala imenifunza kwamba mtu anaweza kukosea jina la kitu na bado kitu chenyewe kikawa cha kweli. Magari ya utangulizi ya Land Rover, yale ya majaribio yaliyotangulia ya kuuzwa, yalikuwa 48. Kama hili halikuwa la saba, huenda lilikuwa mojawapo ya 47 yaliyobaki, na hiyo saba ikawa namba ya mambo mengine. Kwa hiyo nilivua shati nikabaki na fulana.

Kabla sijaingia chini ya gari, inafaa nieleze hayo 48 yalitoka wapi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma nchini Uingereza kilitolewa kwa mgao, na serikali ilikuwa ikiwapendelea wenye viwanda waliouza nje. Kampuni ya Rover ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Solihull kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za vita, na vita vilikuwa vimekwisha. Ilizoea kutengeneza magari ya watu wa makamo wenye fedha zao, na soko la namna hiyo lilikuwa limesinyaa. Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na shambani alitumia Jeep iliyobaki vitani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947, katika ufukwe wa Red Wharf Bay, alimchorea kaka yake Spencer, aliyekuwa mkuu wa kampuni, umbo la gari jipya mchangani. Mchoro wa mchangani hauingii kwenye faili, kwa hiyo mimi nauweka kwenye hadithi za familia na kuendelea.

Sampuli ya kwanza kabisa ilijengwa juu ya fremu ya Jeep, na usukani ukawekwa katikati, kama trekta. Hesabu yao ilikuwa kwamba usukani wa katikati ungewaondolea kazi ya kutengeneza gari la kushoto na la kulia. Wazo lilikufa mapema. Gari lenyewe nalo limetoweka, zimebaki picha. Kila nikiitazama picha ile huwa nawaza kuna bolti fulani mahali fulani, kwenye kopo la misumari la mtu asiyejua, iliyowahi kufunga usukani ule. Bolti haina namba, basi hakuna atakayejua kamwe.

Baada ya hapo ndipo yakaja 48. Haya hayakuwa sampuli tena, na yalikuwa bado hayajawa bidhaa. Yalijengwa ili kiwanda kijifunze namna ya kulijenga gari, na ndiyo maana mimi huyaita ya utangulizi. Bodi ilikuwa ya aloi ya alumini iitwayo Birmabright, kwa kuwa alumini ilipatikana kirahisi kuliko chuma cha karatasi, na paneli nyingi zilikuwa bapa ili ziweze kukunjwa bila mashine kubwa za kukandamiza ambazo kampuni haikuwa na fedha za kuzinunua. Fremu iliungwa kwa vipande vya chuma bapa vilivyochomelewa pembe nne hadi vikawa kama boksi refu. Gari lilioneshwa kwa umma katika maonesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bei ikatangazwa pauni 450, na magari ya kuuzwa yakaanza kuhesabiwa kutoka namba 860001.

Sasa, yale 48 yalitofautiana na yaliyofuata kwa mambo ambayo mpita njia hayaoni. Fremu zake zilichovywa zinki ili zisishike kutu. Alumini ya bodi ilikuwa nene zaidi. Bodi ya nyuma iliweza kuondolewa. Ilipofika zamu ya kuuza, mhasibu alikuja na kalamu yake, kama ilivyo desturi ya wahasibu, na zinki ikaondoka, fremu zikapakwa rangi tu. Ukitaka kujua kama Land Rover ya 1948 ni ya utangulizi, acha kutazama uso wake, mtazame tumboni.

Na hilo la saba? Lilikuwa mojawapo ya magari yaliyopelekwa Amsterdam siku ile. Baadaye lilitumika kama gari la kawaida hadi miaka ya 1960, likaishia kwenye shamba huko Wales ambako kwa takriban miaka 20 halikwenda popote; injini yake ilitumika kuendeshea mitambo. Kisha mtu akalinunua akiwa na nia ya kulifufua, na nia ikaishia bustanini kwake. Lilipogunduliwa, lilikuwa maili chache tu kutoka Solihull, mlango wa pili na pale lilipozaliwa. Idara ya magari ya kale ya Jaguar Land Rover, kampuni inayotengeneza Land Rover leo, ilitumia miezi ikichimba kumbukumbu za kampuni hadi ikathibitisha kwamba ndilo, na Januari 2018, mwaka wa kutimiza miaka 70, ikatangaza kwamba italirudisha barabarani.

Huwa narudia sentensi hiyo: miezi, ndani ya kampuni yenyewe, kwa gari ambalo kampuni yenyewe ililijenga. Watu hudhani kiwanda kinajua watoto wake. Kiwanda kinawajua waliouzwa, kwa sababu kuuza kunazaa karatasi. Gari la utangulizi halina mnunuzi wa kwanza, linapita tu kutoka idara hii kwenda ile. Leo linavuta jembe mbele ya wageni, kesho linabeba mabomba ya karakana. Siku likiuzwa, karatasi inayoandikwa inataja siku hiyo, na anayeisoma miaka 50 baadaye anadhani gari lilizaliwa siku ile.

Wakati mwingine karatasi hudanganya kwa makusudi. Range Rover za utangulizi, kabla ya kuzinduliwa mwaka 1970, zilitembea barabarani zikiwa na jina la Velar, kampuni ya bandia iliyoundwa ili waandishi wa habari wasijue nani mwenye gari. Jina lenyewe linanukia neno la Kiitaliano la kufunika kwa shela. Kwa hiyo mtu aliyelipata gari la Velar miaka ya baadaye alikuwa na gari la kampuni ambayo kwa hakika haikuwahi kutengeneza gari. Mwaka 2017 Land Rover walilifufua jina hilo na kulibandika kwenye gari la kawaida la kuuzwa. Sipendi. Jina la kujificha likiandikwa nyuma ya gari kwa herufi za kung'aa, limekosa kazi.

Na mengi hayafiki hata kwenye kukosa karatasi, kwa kuwa huuawa. Chrysler ilijenga magari 55 ya injini ya tabini, jamii ya injini za ndege za jeti, miaka ya 1960, bodi zake zikiwa zimetengenezwa na Ghia huko Turin, ikayaazima 50 kwa zamu kwa watu 203 wa kawaida huko Marekani ili wayaendeshe na kueleza waliyoyaona. Majaribio yalipokwisha, 46 yaliharibiwa. Yamebaki tisa. Sababu inayotajwa sana ni ushuru wa forodha wa hizo bodi za Italia; nyingine ni kwamba kampuni haikutaka kuacha mikononi mwa watu magari ambayo haikuwa na vipuri wala mafundi wa kuyahudumia. Nimewahi kumlaani mtu nisiyemjua kwa uamuzi ule, lakini nikiwa mkweli, namwelewa. Gari la majaribio likishasema lililotumwa kusema, kwa mwenye kiwanda ni chuma kinachokula nafasi. Lililookoka limeokoka kwa uzembe wa mtu, au kwa mapenzi ya mtu, na mara nyingi ni uzembe.

Basi nikaanza na sumaku, kwa kuwa haishiki alumini. Nikaipitisha boneti: haikushika. Nikaipitisha bawa la kushoto, ile paneli ya juu ya tairi la mbele: haikushika. Bawa la kulia ikaruka kutoka mkononi na kunasa, ta!, karibu na ukingo. Mzee akanitazama kwa hofu. Nikamwambia asijali, hicho ni kiraka cha bati tu, gari liligongwa pembeni likazibwa na fundi asiyekuwa na alumini. Niliendelea kuzunguka. Viraka vitatu. Kwa gari lenye zaidi ya miaka 70, hiyo ni ngozi safi.

Ndani, sakafuni upande wa dereva, kulikuwa na pete ya chuma. Nikaivuta ikaja. Magari ya mwanzo yalikuwa na mfumo wa magurudumu manne yanayovuta muda wote, na friwili iliyoachia magurudumu ya mbele yatembee yenyewe pale yalipohitaji; pete ile ilikuwa ya kuifunga friwili. Iliondolewa 1950. Taa nyuma ya wavu, pete sakafuni: mashahidi wawili wasiofahamiana wanasema jambo moja. Hapo nilianza kujisahau. Nilimwona mzee anaona kwamba nimejisahau.

Nikalala chali chini ya gari na brashi ya waya.

Fremu ilikuwa na ganda la matope makavu, juu ya lami, juu ya rangi. Nilichagua sehemu nyuma ya ekseli ya mbele ambako fundi wa kawaida hafiki. Matope yakatoka vipande vipande, mengine yakaniingia sikioni. Lami ikahitaji petroli na kitambaa. Kisha rangi, nyeusi, ikaanza kupauka, na mimi nikaacha kupumua kwa sababu nilikuwa nasubiri rangi moja tu: kijivu cha zinki, kile chenye madoa kama ya barafu kwenye ndoo mpya ya bati.

Ikaja nyekundu. Kutu, safi, ya kawaida, iliyokaa moja kwa moja juu ya chuma.

Nilisugua sehemu ya pili, na ya tatu. Kutu. Nikabaki nimelala pale kwa muda kuliko ilivyohitajika.

Namba ya chesisi tuliitafuta pamoja. Mzee alishika tochi, mimi nikapaka chaki kwenye chuma na kuifuta kwa kiganja, ili unga ubaki kwenye mashimo ya tarakimu. Tuligombana kidogo kuhusu moja iliyoliwa na kutu. Yeye aliona tatu, mimi nikaona nane. Siku hizi hakuna ugomvi wa namna hiyo, kwani namba za magari zina alama 17, na herufi I, O na Q zimepigwa marufuku ili zisichanganywe na 1 na 0. Lakini ugomvi wetu haukuwa na maana hata hivyo. Iwe tatu au nane, namba ilikuwa ndefu. Magari ya utangulizi yalihesabiwa kuanzia moja na kuishia 48. Namba ndefu ni ya gari lililouzwa.

Kikabaki kile kisaba.

Wenye haraka wangelikwangua lote. Mimi nilichukua msasa wa maji, namba 400 kwanza halafu 1000, nikausugua upande mmoja wa tarakimu kwa mzunguko mdogo, usiozidi upana wa sarafu, nikichovya maji kila baada ya muda. Ukifanya hivyo polepole, rangi hujipanga kama duara za mti uliokatwa. Ukingoni kabisa kijivu, ile ya juu. Kisha nyekundu ya kahawia, rangi ya msingi ya fundi. Kisha buluu iliyoiva. Na katikati, jicho dogo, kijani chepesi kilichopauka kama jani la kabichi la ndani. Mzee akaweka kidole pale, akakitoa haraka kama mtu aliyegusa kidonda.

"Hiyo ndiyo ya kiwandani," nikamwambia. Land Rover za mwanzo zilipakwa kijani chepesi kabla hawajahamia kwenye kijani kilichoiva ambacho watu wengi wanakijua. Rangi hiyo ilikuwa shahidi wa tatu, naye hakuwa mdogo.

Lakini ile nyeupe ya saba ilikuwa juu ya buluu. Haikugusa kijani mahali popote. Aliyeiandika alikuta gari limekwishapakwa rangi ya pili. Gari lilikuwa limetoka Solihull likiwa kijani, likaingia kwenye mikono ya mtu au ofisi iliyopenda buluu na iliyokuwa na magari mengi kiasi cha kuyaandika namba. Saba ilikuwa namba ya foleni ya magari yao. Halafu likauzwa, likapakwa kijivu, na namba ikazikwa. Rangi ilipoanza kubanduka, namba ikarudi juu bila maelezo yake, na watu wakaitafutia maelezo mapya. Nayo yaliyokuwepo sokoni yalikuwa mazuri kupita kiasi.

Hapa nina ugomvi na mafundi wa kurembesha magari ya kale. Gari hili likipelekwa kwa mmoja wao leo, wiki ya kwanza litapulizwa mchanga hadi ling'ae. Viraka vitatu vitatupwa. Kijani, buluu, nyekundu na kijivu vitafagiliwa sakafuni pamoja na ile saba, na mwenye gari atalipa fedha nyingi kwa kazi hiyo. Atapewa gari zuri ambalo haliwezi tena kuulizwa swali lolote. Wale wa Jaguar Land Rover, pamoja na utajiri wao wote, gari lao la saba waliamua kulihifadhi na rangi yake ya kijani ya 1948 iliyochakaa, na mikwaruzo yake. Wangeweza kuipaka upya kwa saa chache. Nadhani miezi ile ya kuhangaika na kumbukumbu ndiyo iliyowapa heshima kwa mikwaruzo.

Nilimweleza mzee yote, nikianza na kutu. Nilimwambia pia kuhusu la saba halisi, bustani, na maili chache. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye debe, sumaku yake mapajani, akiigeuza geuza. Nilitegemea atakasirika, au atanyamaza kwa ile namna ya wazee ya kunyamaza inayomaanisha uondoke. Nikaongeza upesi kwamba gari lake ni la miaka miwili ya kwanza, kwamba halijawahi kupigwa mchanga, kwamba mengi ya umri huo yameshakatwa chuma chakavu. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya mtu anayeuza kitu.

"Kwa hiyo hiyo saba ni ya wenye buluu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na walikuwa nayo mengi."

"Angalau saba."

Akasimama, akaenda hadi pale ubavuni, akainama kutazama lile jicho la kijani. Akamwita mjukuu wake alete karatasi na kalamu. Akaanza kutaja majina, polepole, ya madereva na mafundi aliowahi kusikia wakitajwa pamoja na gari hili, wengine akiwaongezea "marehemu" na kuniambia niandike jina la mtoto badala yake. Ukurasa ukajaa, tukageuza.

"Haya," akasema. "Nitafutie hayo sita."

Nimeshampata dereva mmoja. Anasema lake lilikuwa namba nne.